Kioo Kimeelekea Jikoni

Kompyuta tulipewa na shemeji Ndekirwa
alipofunga stesheneri yake ya Kiborloni.
Herufi N imefutika, feni inakoroma
kama babu aliyeshiba mtori.
Baba Aikande akapiga simu kutoka Tunduma, kwenye foleni ya malori:
"Isiingie chumbani kwa mtoto. Ukishindwa, iuze."
Ni rahisi kuwa mkali ukiwa Tunduma.

Nikaiweka sebuleni, kati ya cherehani na friji,
kioo kimeelekea jikoni.
Nikikoroga chungu naona mgongo wa mwanangu
na mwanga wa buluu ukimpaka masikio.
Maneno siyaoni. Naona mabega,
na mabega nayajua kusoma:
yakipanda, ni hesabu;
yakitikisika, ni Nsia na vichekesho vyake.
Wiki hii yametulia mno, yamejikunja,
kama mtu aliyeficha kifaranga kifuani.

Nami niliwahi kusomewa.
Barua ya kijana wa Lyamungo, karatasi ya daftari.
Mama aliifungua kwa mvuke wa birika,
akaifunga tena kwa uji.
Nilijua kwa sababu uji ulichacha.
Hakuniuliza neno. Nami sikumwambia neno,
si siku ile, si mwaka ule,
si hata nilipokuwa na la kumwambia.
Barua zilizofuata zilipitia kwa muuza mafuta ya taa.

Kwa hiyo neno la siri la Aikande ninalo,
nyuma ya kalenda ya usharika,
na sijalitumia.
Uongo. Nililitumia mara moja, usiku wa manane.
Luku ikaisha kabla sijafika popote,
nikabaki gizani
kama mwizi wa kuku aliyekanyaga sufuria.

Jumamosi, masika yakipiga bati,
nikavuta kigoda na ungo, nikakaa ubavuni mwake.
"Mama, unanichunguza."
"Nachambua maharage."
"Maharage tulichambua jana."
"Basi nakuchunguza."

Akacheka kidogo, akasogea.

Anaitwa Brayani. Miaka kumi na minne,
kidato cha pili, kwao Sakina, Arusha.
Anaandika vizuri, hasahau nukta hata moja.
Anauliza baba hurudi siku gani.
Anauliza jioni mnatokea geti lipi.
Anasema usimwambie mama, wazazi hawaelewi.

Mikono yangu iliendelea.
Harage. Harage. Jiwe. Harage.
Nilitaka kung'oa waya ukutani.
Nikauliza tu:
"Huu wa Jumanne, saa nne asubuhi. Ulikuwa wapi?"
"Darasani. Niliukuta jioni."
"Na yeye?"

Feni ikakoroma.
Aikande ana miaka kumi na mitatu, shule anaijua.
Anajua simu ikikamatwa inapondwa kwa nyundo
mbele ya mstari wa asubuhi.
Mabega yakashuka, moja, halafu la pili.
Akaandika mwenyewe, bila kunitazama,
akiipapasa ile N isiyoonekana mara nne:
*Mwalimu wenu wa zamu ni nani?*

Vinukta vitatu vikacheza. Vikasimama.
Vikacheza tena.
Vikazimika, na picha ya miwani nayo ikaondoka.

Hatukusemezana mpaka maharage yakachemka.
Ndipo akalia, si sana, akanisukuma nilipomshika,
kisha akarudi mwenyewe.
Nikamwambia Jumatatu tutayapeleka yale maandishi dawati la jinsia.
Sasa tule.

Usiku, vyombo vimeshaoshwa, akanyoosha mkono.
"Lete simu yako."
"Ya nini?"
"Huyo Mchungaji Eliakimu wa Dubai,
anayekutumia maua kila asubuhi."

Nikatazama friji. Nikatazama cherehani.
Nikampa.
Hakuniuliza neno la siri.
Alikuwa nalo tangu zamani.